Jukwaa Linalotazama Jua

Kaa hapa karibu nami, nikueleze jambo moja dogo kuhusu jua, kisha utaelewa kwa nini nina hasira. Usijali kama hujawahi kuingia uwanja wa mpira maishani mwako. Nimefundisha darasa la nne kwa miaka mingi na sijakutana na mtoto ambaye jambo hili lilimshinda.

Mechi zetu huanza saa kumi jioni. Saa hiyo jua limeshaanza kuteremka upande wa magharibi. Ukikaa magharibi mwa uwanja, jua linakuwa mgongoni kwako, linakupasha mabega, na kila kilicho mbele yako unakiona vizuri: jezi, mpira, hata vumbi linaloruka mchezaji akikanyaga. Ukikaa mashariki, jua linakupiga usoni. Unaona vivuli vya watu vinakimbia ndani ya moto. Paa juu ya kichwa chako halisaidii, kwa sababu jua la jioni haliji kwa juu. Linakuja kwa chini, linapita chini ya mabati na kuingia kama mgeni aliyekaribishwa. Ng'ombe wetu wanalijua hilo. Jioni wakisimama kungoja maji, wote huligeuzia jua mkia.

Sasa, katika mji wetu wa Tarime tuna jukwaa jipya lenye viti na mabati ya bluu, fahari ya uwanja wetu mkuu. Limejengwa upande wa mashariki.

Twende polepole, maana nikieleza kwa haraka nitaanza kutukana, na mama yangu hapendi.

Uwanja huo uko pembeni mwa mji, ukivuka nyumba za Turwa, pale mashamba ya mihogo yanapoanza. Nilipokuwa mtoto ulikuwa mteremko wenye majani na mawe makubwa kama vibanda. Wazazi wetu waliutengeneza kwa risaga. Kama wewe si mtu wa huku, risaga ni kazi ya pamoja: leo tunakwenda wote shambani kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anatoa uji na chakula. Hakuna anayelipwa na hakuna anayeandika. Kwa risaga wanaume walisawazisha ardhi kwa majembe na mitalimbo. Wanawake walichukua upande wa magharibi, ambako kilima kinainuka, wakajenga ngazi za mawe za kukalia watazamaji.

Mawe yale yalipasuliwa kwa moto. Unaweka kuni juu ya mwamba na kuzunguka pembeni, unauchoma tangu asubuhi mpaka rangi ya jiwe inabadilika. Kisha mnasimama mbali kidogo na kumwaga maji ya baridi kwa mpigo mmoja. Jiwe linalia kama bunduki na kupasuka. Baada ya hapo ni nyundo. Sisi watoto wa kike tulichota maji mtoni pamoja na wanawake ambao hawakuwa na nguvu za nyundo. Mmoja wao alikuwa mke wa fundi cherehani, mama wa Kiislamu aliyekuja na mumewe kutoka pwani, mwembamba kiasi kwamba ndoo ilionekana ikimbeba yeye. Wakurya walimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili walimwachia njia, kwa sababu hakumwaga hata tone.

Mama yangu alishika nyundo. Siku moja kipande cha jiwe kiliruka kikamwingia jicho la kushoto. Walimpeleka hospitali, akarudi na jicho moja. Kidonda kilipokauka alirudi uwanjani kumalizia safu yake, kwa sababu kila kaya ilikuwa na kipande chake, na kipande cha kaya yetu kilikuwa hakijaisha. Jiwe la mwisho alilolilaza ni jekundu, liko safu ya tatu kutoka chini, usawa wa mstari wa katikati. Lina kibonde juu yake kama lilitengenezwa kwa ajili ya mtu kukaa. Hakuna jina lililoandikwa pale. Hatukuona haja. Kila mtu alijua jiwe la nani ni lipi, kama unavyojua kiti cha nani ni kipi nyumbani kwenu.

Kwa maisha yangu yote mama amekaa pale. Mashindano ya shule, mbio za magunia, mechi za kata kwa kata, hata Waislamu wakiswali Idi uwanjani alikwenda kumsubiri rafiki yake, yule mke wa fundi, aliyekuwa na jiwe lake pembeni. Tunamwita mama wa kwa fundi mpaka leo, ingawa fundi amefariki. Jicho la mama lililobaki limechoka. Likiwa kivulini au jua likiwa nyuma yake, anaona vizuri tu, anaweza kukwambia nani amevaa viatu vya kuazima. Mwanga ukimpiga usoni, anaona weupe mtupu. Weka hilo akilini, kwa sababu habari yote iko hapo.

Sasa shemeji yangu. Amemuoa mdogo wangu wa kike, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya uwanja. Si mtu mbaya. Ni mcheshi, anapenda watu, na bomba la maji lililopo langoni lilikuja kwa sababu ya miguu yake mwenyewe kuzunguka ofisi za watu. Lakini alisafiri. Alikwenda na ujumbe wa watu wa michezo kwenye nchi moja ya kisiwa, nchi ndogo ambayo kwa maelezo yake unaizunguka kwa gari na kurudi ugali haujapoa. Alirudi na picha kwenye simu. Alimwonyesha kila mtu picha ile: wapasua kokoto, padri, wauza mitumba. Mimi alinionyesha nyumbani kwake, tukiwa tunamenya viazi.

"Shemeji, tazama. Nchi ndogo hivi, huo ndio uwanja wao mkuu wa taifa. Tazama jukwaa. Tazama hayo mabati."

"Mazuri," nilimwambia. "Mbona anga jeusi?"

"Wanacheza usiku. Kuna taa, shemeji. Ukiangusha sindano unaiokota. Mchana kule hakuchezeki, joto."

"Na sisi tutapata taa?"

"Jukwaa kwanza. Taa zitakuja."

Mdogo wangu aliuliza kama wanawake wa kisiwa kile nao humenya viazi wakati waume zao wakionyeshana simu. Tukacheka, mazungumzo yakaishia hapo.

Mafundi walipokuja walitaka kujenga magharibi. Kilima tayari kipo, walisema, na ngazi za mawe zinaweza kuwa msingi. Shemeji alikataa, na ili uelewe kukataa kwake inabidi nikueleze kitu cha Wakurya.

Kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe wake. Hampi mkono. Haingii chumba alichomo. Wakikutana njiani, anapisha kwenye majani na kutazama pembeni mpaka apite. Wakiwa na jambo la kuambiana, linapita kwa mtu wa tatu hata kama wanasikiana. Na si mama mkwe peke yake: wanawake wa rika lake wote, yaani Wakurya walioingizwa utu uzima pamoja naye, wanapewa heshima hiyohiyo. Mtu wa mbali anaweza kudhani ni chuki. Siyo. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizonazo, na mtu anayeivunja hutazamwa vibaya mpaka anazeeka.

Sasa shemeji angewezaje kuagiza nyundo ivunje jiwe ambalo mama mkwe wake alililaza kwa mikono yake? Alisimama kwenye mkutano akasema, "Upande ule siwezi kuugusa. Mnajua nani amekaa pale." Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga makofi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, na mama akasema, "Amelelewa."

Basi jukwaa likajengwa mashariki, kwa kufuata picha ya mahali wanapocheza usiku, kwa ajili ya mahali tunapocheza jioni, kwa sababu ya heshima ya mkwe. Sidhani kuna watu wengine duniani ambao wangefanya kosa la namna hiyo. Kama lingeishia hapo ningekuwa nakueleza huku nacheka.

Siku ya ufunguzi tulicheka kweli. Wakubwa walikaa kwenye viti vyao vipya wakiwa na suti, na jua lilipoteremka chini ya mabati, wote kwa pamoja waliinua mikono na kuiweka kwenye paji la uso. Kutoka kwenye mawe yetu ulikuwa mstari mzima wa watu wanaopiga saluti.

"Jamani, wanatusalimia," alisema mama wa kwa fundi.

"Wajibuni," alisema mwingine nyuma. "Msiwe na kiburi."

Wanawake wa safu mbili wakainua mikono na kurudisha saluti. Mama alicheka mpaka jicho likamtoa machozi. Nadhani shemeji alituona. Nadhani hapo ndipo jambo lilipoharibika.

Mwezi uliofuata ilikuwa nusu fainali ya wasichana wa sekondari. Kipa wa timu yetu ni binti wa shemeji na mdogo wangu, yaani mjukuu wa mama. Yuko kidato cha pili, ana mikono mirefu, na tangu utoto mama humwita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyotaniana na wajukuu. Mama alikuwa amejiandaa wiki nzima. Alioga mapema, akafunga kitenge chake cha kijani, akanishika mkono tukatembea polepole mpaka uwanjani.

Tulikuta turubai jeupe limesimikwa upande wa magharibi, juu ya mawe. Chini yake kulikuwa na viti vya plastiki vyenye vitambaa, vya wakubwa, na meza yenye maji ya chupa. Mgambo, kijana mgeni aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, alikuwa anawahamisha wanawake.

"Akina mama, upande ule. Kuna paa kule, kuna kivuli."

"Hilo ni jiwe la mama yangu," nilimwambia.

"Mama, mawe ni ya serikali. Nisaidie kazi yangu, tafadhali."

Alisema kwa adabu. Hilo ndilo linalonichoma, alisema kwa adabu. Mama alinibana mkono, maana yake ninyamaze, tukazunguka nyuma ya goli pamoja na wenzake, wanawake wazee wakiwa wamebeba kanga za kutandika, mpaka upande wa mashariki. Viti vya bluu navyo vilikuwa na wenyewe, kwa hiyo tulikaa chini, mbele ya jukwaa, kwenye majani.

Filimbi ikalia. Jua likamkuta mama usoni.

"Nani ana mpira?" aliniuliza.

"Wao."

"Sasa?"

"Sisi. Umetoka nje."

"Mke mwenzangu anafanya nini?"

"Amesimama golini. Anapiga kelele kwa mabeki."

Hivyo ndivyo mama yangu alivyotazama nusu fainali, kupitia mdomo wangu. Kipindi cha pili refa alitoa penati dhidi yetu. Mama aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Kisha zikaja kelele kutoka pande zote, naye akawa anageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeitwa jina na asijue ameitwa na nani.

"Amedaka?"

"Amedaka, mama."

"Kwa mkono gani?"

Wakati ule nilikuwa nimeweka kiganja juu ya macho yangu na natazama ng'ambo, chini ya turubai. Shemeji alikuwa amesimama anashangilia binti yake. Alipoketi tena, niliona kiti chake kimekaa wapi. Safu ya tatu, usawa wa mstari wa katikati. Miguu ya kiti cha plastiki ilikuwa juu ya jiwe jekundu.

"Wa kulia," nilimwambia mama.

Tuliingia fainali. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa shemeji. Mdogo wangu alikuwa anamimina chai.

"Shemeji, karibu chai."

"Sikuja kunywa chai."

"Basi karibu maneno."

"Nani alikaa kwenye jiwe la mama?"

Alicheka. "Hakuna aliyekaa kwenye jiwe. Mimi nilikaa kwenye kiti."

"Na kiti kilikaa wapi?"

Aliweka kikombe chini. "Sikiliza, shemeji. Mimi mama mkwe sijamgusa. Sijamsogelea. Sijamtazama usoni tangu nilipomuoa binti yake. Heshima yangu iko palepale."

"Ulimtuma mgambo."

"Mgambo si mtu wa hapa. Hana mkwe pale."

"Ndiyo sababu ulimtuma."

Alimtazama mke wake.

"Msiniangalie mimi," alisema mdogo wangu. "Huyu ndiye ninayempikia, na yule ndiye aliyenizaa. Mimi niko kwenye sukari."

Nilijaribu kumweleza kama ninavyowaeleza watoto. Nilimweleza habari ya jicho, ambayo aliijua. Nilimweleza habari ya jua, ambayo aliijua pia. Alisikiliza yote. Kisha akasema kuwa fainali itakuwa na mgeni rasmi kutoka mkoani, na hawezi kumweka mgeni wa mkoa kwenye jua.

"Jukwaa ulijenga la nini?"

"La picha," alisema mdogo wangu, na akaenda kuchukua maziwa.

"Nitampelekea mama mwavuli," alisema shemeji.

"Jua linatoka mbele. Ataushika kama ngao?"

Niliondoka bila kunywa. Mtu anaogopa kuvunja jiwe kwa nyundo mbele ya watu, lakini haogopi kumwondoa mwenye jiwe, mradi mkono unaomwondoa si wake. Anapisha kwenye majani njiani ili watu waone, kisha anatuma kijana asiyetujua akafanye ambalo yeye akilifanya ataaibika. Sina jina la heshima ya aina hiyo, lakini nimeiona sehemu nyingi, siyo uwanjani tu, na ninapozeeka inanikasirisha zaidi.

Mama alinisikiliza nikieleza. Alikuwa anachambua maharage kwa vidole, kama anavyofanya siku hizi, bila kuyatazama.

"Alisema hajanigusa?"

"Ndivyo alivyosema."

"Ni kweli. Hajanigusa." Akatupa punje mbovu pembeni. "Fainali ni lini?"

Siku ya fainali tulifika uwanjani asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Mama, mama wa kwa fundi, na wanawake wa rika la mama wote wanaoweza kutembea. Walikuja na chupa za uji, mihogo ya kuchemsha, na bakuli la visheti vya mama wa kwa fundi. Kila mmoja alitandika kanga kwenye jiwe lake akakaa. Mimi nilikaa safu ya chini yao. Wakati basi la timu ya upande wa Serengeti linafika kutoka Ikoma, na vijana wa turubai wanaingia na vyuma vyao, wale mama walikuwa wanakula kama watu walio kwao.

"Shikamooni, mama zetu," walisema vijana.

"Marahaba, marahaba."

"Tunaomba mtupishe kidogo tusimike turubai."

"Simikeni tu. Tutakaa chini yake, hatuna neno."

Vijana wakatazamana. Mgambo akaitwa.

"Akina mama, utaratibu mnaujua tangu siku ile."

"Mura," alisema mama, kama tunavyowaita vijana wa kiume kwetu, "ni nani amekutuma?"

"Kamati."

"Kamati ina mwenyekiti. Mwambie aje mwenyewe, anishike mkono, aniinue. Akinishika mkono nitaondoka."

Wanawake waliacha kutafuna. Kisha mmoja nyuma alianza kucheka kwa kujibana, na kicheko kikapanda safu hadi safu. Mgambo hakuelewa kwa nini wanacheka. Nilimwonea huruma, maskini, alikuwa amesimama katikati ya jambo ambalo hakuna aliyemweleza. Alikwenda kumwita mwenyekiti.

Shemeji alikuja akizunguka nyuma ya goli, ana tai, ana simu sikioni, anatembea kwa haraka. Alipofika kwenye kibendera cha kona aliinua macho akaona ni akina nani waliokaa. Simu ikashuka. Akasimama. Mgambo alikuwa anaendelea kutembea na kuongea, akaonyesha kwa mkono, akageuka, akakuta anaongea peke yake.

Wanawake hawakumzomea. Walifanya vizuri kuliko hapo. Walivuta kanga kichwani na kugeuza nyuso kidogo pembeni, kama mama wakwe wanavyotakiwa kufanya. Heshima ilikuwa kamili pande zote mbili, na watu waliokuwa wameanza kuingia uwanjani walisimama kuitazama.

"Mwanangu," mama aliniambia kwa sauti ya kufika kwenye kona, "mwambie aliyesimama pale kwamba tumemwona, na tunamshukuru kwa heshima yake."

Nilikwenda. "Shemeji, mama anasema amekuona."

"Nimesikia."

"Anasema anakushukuru."

"Shemeji, unaniua," alisema kwa sauti ya chini. "Mgeni rasmi yuko njiani."

"Mimi sijakugusa," nilimwambia. "Sijakusogelea."

Alinitazama. Kwa muda nilidhani atapita, atapanda, atafanya. Hakuweza. Alirudi nyuma ya goli kwa njia aliyojia, na vijana wakabeba turubai na vyuma wakamfuata.

Mgeni rasmi alikaa kwenye jukwaa la bluu. Jua liliposhuka alitumia karatasi ya ratiba kujikinga, na shemeji pembeni yake alitumia kiganja. Hakuna aliyerudisha saluti siku ile. Mama alikuwa na shughuli.

Aliona mechi yote. Aliona kwamba winga wa Ikoma ana mguu wa kushoto tu, akaniambia kabla sijagundua. Aliona binti yetu akipiga goli kiki, akasema amenenepa. Dakika za mwisho msichana mmoja wa Ikoma alipenya katikati, mke mwenzake mama akatoka golini kumkabili, na mpira ukapita pembeni yake polepole, unadunda, mpaka wavuni. Tulifungwa. Upande wetu watu walishika vichwa. Mama alikaa ameelekeza jicho lake pale golini, na uso wake sikuwa nimeuona hivyo muda mrefu.

Baadaye msichana alipanda mpaka safu ya tatu akilia, na glavu mkononi.

"Umetoka mapema," mama alimwambia.

"Najua, bibi."

"Nimekuona. Ulipiga hatua kabla yule hajaamua. Mara nyingine msubiri aamue." Akamfuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ile penati ya siku ile waliniambia tu. Hii nimeiona mwenyewe."

Ningependa kukuachia hapo. Watu wengi mjini huishia hapo wakisimulia, na hucheka, na shemeji mwenyewe siku hizi anaisimulia kwenye harusi kama kichekesho cha wakwe. Lakini nilikuahidi kukueleza kwa nini nina hasira, si kwa nini nilicheka.

Wiki chache baadaye kulikuwa na mechi nyingine. Mama alikuwa na homa, nikabaki naye. Jioni mama wa kwa fundi alikuja kumjulia hali. Alikaa kitandani pembeni ya miguu yake, akauliza habari za dawa, akauliza habari za uji. Kisha akasema, bila kulalamika, kwamba turubai lilirudi na walimhamisha.

"Hukuwaambia waite mwenyekiti?" nilimuuliza.

"Niliwaambia. Akaja." Alitabasamu. "Mimi si mkwe wake, mwanangu. Mimi si wa rika la mtu hapa. Alinishika mkono vizuri tu, akaniinua, akanipeleka mpaka kule. Nilichota maji yaliyopasua yale mawe, lakini maji hayakai juu ya jiwe ukayaonyesha."

Mama aligeuza uso ukutani.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Tulishinda kwa kitu ambacho mama wa kwa fundi hana. Mwanamke Mjaluo anayeuza samaki karibu na lango hana, msichana aliyekuja kupanga chumba Turwa hana, wewe unayenisikiliza labda huna. Mtu asilazimike kuwa mama mkwe wa mkubwa ili aone mpira. Mawe yale yalipasuliwa ili anayefika akae. Atakayechelewa, hata kama ana tai, akae palipobaki, na kama palipobaki ni kwenye jua alilolijengea paa mwenyewe, alione.

Mama amepona. Wanawake wamekubaliana kwamba hakuna siku ya mechi watakayomwacha mmoja wao peke yake. Lakini wao ni wazee, na safu zile ni ndefu. Kwa hiyo fanya hivi. Siku ya mechi njoo kabla ya saa saba mchana. Ingia kwa lango la chini, lenye bomba, pinda kushoto, panda mpaka safu ya tatu na utafute jiwe jekundu lenye kibonde. Hilo liache. Kaa linalofuata, na utandike kanga au koti kwenye jiwe la pembeni kwa ajili ya mama mwembamba wa Kiislamu ambaye huchelewa kwa sababu ya swala ya adhuhuri. Akija mtu kukwambia usimame, usigombane naye. Muulize ametumwa na nani. Huyo aliyemtuma akija mwenyewe, mwamkie, mwonyeshe palipo na nafasi, na ubaki umekaa.